Muhogo, Kitoweo na Haki ya Walaji

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe, aliyeiotesha ardhi na kuifanya bahari kuwa ghala la waja wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, wazee kwa vijana, wake kwa waume: maneno haya yamekusudiwa kueleza jambo ambalo kila mtu hudhani alijua vyema, kwa kuwa hulitenda kila siku, nalo ni kula. Mtu hujifunza udhu na sala kwa mwalimu, akajifunza kuvua kwa baba yake na kulima kwa mama yake. Lakini habari ya chakula huachwa jikoni, kana kwamba hapana elimu penye mafiga na chungu. Elimu ipo, tena ni kubwa, na katika nchi hii ya kaskazini mwa Msumbiji wako watu waliopoteza miguu yao kwa kuikosa.

Mtu akitembea kutoka mdomo wa mto Ruvuma, akapita Quionga na Palma, akafika Mocímboa da Praia, kisha akavuka mpaka visiwa vya Ibo na Quirimba, atakuta sinia za watu hazitofautiani sana. Baharini hutoka samaki, pweza, na kombe wanaookotwa na akina mama maji yakipwa. Shambani hutoka muhogo, mahindi, mtama, kunde, mbaazi na karanga. Mnazi hutoa tui, na wali hupikwa siku za furaha. Wazee waliotangulia walivipanga vitu hivi kwa hekima: ugali wa muhogo, mchuzi wa samaki wa nazi, na kisamvu, ambacho wengi katika Msumbiji hukiita matapa, kikipikwa kwa karanga na tui. Ugali humpa mtu nguvu ya kufanya kazi. Samaki, kunde na karanga hujenga mwili. Majani huleta damu na kinga. Mtu asidhani kuwa chakula hiki ni cha kimaskini. Kikitimia sehemu zake zote, ni chakula bora. Hatari huingia pale sehemu moja inapobaki peke yake katika sinia, na sehemu hiyo ni muhogo.

Muhogo si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioupitisha bahari katika karne ya 16 wakauleta Afrika. Watu waliupenda kwa sababu huvumilia ukame, hukubali udongo wa mchanga uliochoka, na hukaa ardhini kama akiba mpaka siku ya haja. Lakini muhogo ni wa namna mbili. Uko muhogo mtamu, unaochemshwa na kuliwa, nao kwa tui la nazi ni futari inayojulikana na kila nyumba katika mwezi wa Ramadhani. Na uko muhogo mchungu, usiolika mpaka ufanyiwe kazi. Wakulima huupanda huo mchungu kwa makusudi, kwani nguruwe na nyani hawaupendi, na mwizi hawezi kuung'oa usiku akautia chunguni asubuhi. Uchungu wake ndio ngome yake. Na ngome hiyo, asiyejua kuifungua, humwangukia mwenyewe.

Uchungu huo ni dalili ya sumu. Ndani ya mzizi imo dawa iitwayo linamarini, na mahali pengine ndani ya mzizi huo huo imo kimeng'enya chenye kuivunja. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukitwangwa, ukikunwa au ukiloweshwa hata ukalainika, hukutana, na hapo hutoka sianidi, ambayo ni sumu kali. Lakini Mwenyezi Mungu ameijaalia sumu hiyo iwe nyepesi, hupaa hewani upesi ikapotea. Basi kazi yote ya kuutengeneza muhogo ni hii: kuiachia sumu itoke mzizini, kisha kuipa muda iondoke kabla chakula hakijaingia kinywani. Bibi aliyeulowesha muhogo wake siku tatu au zaidi, akautoa ukiwa umelainika, akauanika juani mpaka ukakauka, kisha ndipo akautwanga, alikuwa akifanya kazi ya mtaalamu bila ya kuisoma katika kitabu. Lakini aliyeumenya tu akauanika mzima juani, amebakisha sumu nyingi zaidi, kwa kuwa mzizi hukauka kabla ya viwili vile kukutana sawasawa. Tena ukame unapozidi, mmea wenyewe huongeza sumu katika mizizi yake. Kwa hiyo mwaka wa njaa muhogo huwa na sumu zaidi, na watu nao huwa na haraka zaidi.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1981 katika mkoa wa Nampula, jirani wa kusini wa Cabo Delgado. Mvua zilikosekana, mazao mengine yakafa, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Wenye njaa hawakuweza kungoja siku nyingi. Waliufupisha utaratibu waliourithi, wakala unga kabla ya wakati wake. Ndipo watu wakaanza kulemaa. Mtoto aliyelala salama huamka hawezi kusimama. Mwanamke aliyekwenda kisimani hurudi akijikongoja, magoti yamekazana, akikanyagia vidole vya miguu. Hesabu ilifika wagonjwa 1,102, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo mantakassa. Madaktari walioufuatia, miongoni mwao Julie Cliff wa Wizara ya Afya ya Msumbiji na Hans Rosling, daktari Msweden aliyekuwa akifanya kazi Nacala, walitafuta kama ni maradhi ya kuambukiza, wakakuta sivyo. Wakakifuata chakula mpaka kwenye kinu, wakaikuta sababu katika muhogo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliueleza kwa habari za watu wa Kwango, katika Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, nao wenyewe waliuita konzo, maana yake kwa lugha ya Wayaka ni miguu iliyofungwa. Jina hilo ndilo linalotumiwa na madaktari duniani. Konzo huja ghafula, hushika miguu yote miwili kwa kadiri moja, na haiondoki. Haizidi baada ya hapo, wala haina dawa ya kuirudisha miguu kama ilivyokuwa. Wengine huguswa pia ulimi au macho. Mtoto anyonyaye kwa kawaida husalimika. Aliyeachishwa ziwa ndiye huingia hatarini, pamoja na mama yake.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Nampula tu. Ugonjwa ulirudi huko huko katika miaka ya 1992 na 1993, vita vilipowazuia watu kulima na kutengeneza chakula chao kwa utulivu. Tena ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Mtwara, konzo ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya ukame. Watu wa Mtwara na watu wa Palma ni ndugu. Hula muhogo mmoja, na mto uliopo kati yao haukumzuia mtu wala mbegu. Palipo ukame, vita na muhogo mchungu, konzo haiko mbali.

Na nani asiyejua ya Cabo Delgado katika miaka hii? Tarehe 5 Oktoba 2017 mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilivunja nyumba na minazi, na baada yake kipindupindu kikaingia kwa maji machafu. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wakaacha mashamba, majahazi na nyavu. Mtu aliyekimbia hupanda vijiti vya muhogo alivyopewa na mwenyeji, asijue kama ni mtamu au mchungu. Hana pipa la kuloweshea, hana jamvi la kuanikia, na watoto wanalia leo. Huyo ndiye anayepaswa kufikiwa na elimu hii kabla ya wote.

Basi yako mambo matatu ya kushika. La kwanza, muhogo usiojulikana uhesabiwe mchungu mpaka ijulikane sivyo. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa jirani yake ameula mbichi. La pili, muhogo mchungu uloweshwe siku zisizopungua tatu mpaka ulainike, maji yake yamwagwe, uanikwe ukauke vizuri. La tatu ni njia iliyotolewa na Howard Bradbury, mtaalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia kilichoko Canberra, nayo ni nyepesi hata kwa mwenye bakuli moja. Unga wa muhogo hutiwa katika bakuli, kikatiwa alama kimo chake kwa ndani. Kisha hutiwa maji kidogo kidogo huku ukikorogwa. Unga kwanza hushuka, halafu hupanda, na ukifika tena katika ile alama maji yametosha. Hapo unga ulio maji hutandazwa juu ya ungo au jamvi safi, wembamba usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hupaa. Baada ya hapo unga hupikwa ugali siku ile ile, kwani ukilala huharibika. Njia hii haiondoi haja ya kulowesha; ni kufuli ya pili juu ya mlango ule ule. Ilifundishwa kwa akina mama wa Mtwara, na katika kijiji cha Kay Kalenda huko Kongo, palipokuwa na wagonjwa wa konzo, hapakuonekana mgonjwa mpya katika muda ilipotumiwa. Kisamvu nacho kitwangwe sana, kichemshwe sana, wala kisifanyiwe haraka.

Hapa inafaa kuulizwa swali zito. Ikiwa nyumba nzima ilikula muhogo ule ule, mbona walemavu wengi walikuwa wanawake na watoto? Madaktari wanaeleza kwamba mwili wa mwanadamu una njia yake ya kuigeuza sianidi kidogo na kuitoa kwa mkojo, na kwa kazi hiyo unahitaji protini yenye salfa ndani yake, nayo hupatikana katika samaki, nyama, mayai na maziwa, na kwa kiasi katika nafaka na kunde. Mwenye kitoweo ana ngao. Asiye na kitoweo hana. Basi na itazamwe sinia. Katika nyumba nyingi kichwa cha samaki na mnofu wake hutengwa kwa mwenye nyumba na wageni wake. Watoto hupewa mchuzi, na mama hula mwisho, akafuta chungu kwa tonge. Siku za neema desturi hiyo huonekana kuwa heshima tu. Siku za njaa huweza kuwa tofauti baina ya atembeaye na asiyetembea.

Dini haikuamrisha desturi hiyo. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimfikie, alimfunza mtoto aliyekuwa akizungusha mkono sahanini ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Kila chuo cha pwani hii hufundisha adabu hiyo, nayo ni njema. Lakini izingatiwe: mtoto mwenye adabu atakula kilicho mbele yake, wala hatanyoosha mkono kwenye kipande cha mbali. Kwa hiyo yule anayepanga sinia ndiye aliyeshika haki ya mtoto. Asipomwekea kitoweo mbele yake, adabu yenyewe itamnyima. Adabu ya mtoto huitaka insafu ya mkubwa.

Imepokewa pia kwamba katika mwaka wa 18 wa Hijra, uitwao mwaka wa Ramada, ukame uliipata Bara Arabu katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya ghala, naye alijizuia samli na nyama mpaka raia wapate, akala mafuta hata rangi yake ikabadilika. Hakusema kwamba mkubwa ale kwanza ili apate nguvu ya kuwaongoza wadogo. Ikiwa Khalifa aliwapisha watu asiowajua kwa majina, baba wa nyumba moja ana udhuru gani mbele ya mkewe na wanawe?

Wavuvi nao wanalo neno lao. Samaki auzwe, kwani pesa zinahitajiwa kwa nguo, dawa na ada ya shule. Lakini chombo kisiteremshwe mzigo wote sokoni nyumba ikabaki na magamba. Dagaa wachache na ng'onda mmoja aliyeanikwa vizuri, wakatwangwa na kutiwa katika uji wa mtoto, ni kinga iliyo karibu. Asiyepata samaki apande kunde na mbaazi kando ya muhogo wake, achanganye unga wa muhogo na wa mtama au mahindi. Na asiseme mtu kwamba mtoto ameshiba kwa kuwa amekwenda chuoni na kikombe cha chai ya sukari na kipande cha muhogo. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata cha kujengea. Kadhalika maji ya kisima yachemshwe, maana chakula kilichotengenezwa vizuri hakimnufaishi mtu anayeharishwa na maji.

Limebaki jambo la mwisho, nalo linauma. Mtu akilemaa kwa ghafula, huanza kutafutwa aliyemroga. Mara huelekezewa kidole mjane, au mke mwenza, au mgeni aliyekimbilia kijijini. Wako waliotoa mbuzi na akiba yao yote kwa waganga, na miguu haikunyooka, ila uadui ndio uliokua. Konzo si sihiri, wala si maradhi ya kuambukiza, wala si adhabu ya dhambi ya mwanamke. Ni unga usiongojwa na sinia isiyogawanywa sawa. Aliyepatwa apelekwe kituo cha afya, apewe fimbo na mazoezi ya kutembea, chakula chake kibadilishwe, na apewe nafasi yake katika jamaa. Akili yake ni timamu, mikono yake yafanya kazi, na safu ya sala yamngoja, ikiwa amesimama au ameketi.

Basi wajibu umegawanyika. Akina mama wana amana ya kungoja: siku tatu za maji, na saa tano za kivuli. Akina baba wana amana ya kugawa. Walimu wa vyuo waifundishe habari ya muhogo pamoja na habari ya tohara, kwani anayejua namna ya kuutakasa mwili wake kwa ibada yampasa ajue namna ya kukitakasa chakula chake kwa uhai. Majirani wenye pipa, jamvi na kinu wasiwanyime wageni waliokimbia vita, hata kama ni kwa zamu. Kumwazima mtu pipa siku tatu kwaonekana ni jambo dogo. Kwa mtoto wake huenda likawa ndiyo miguu yake.

Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimewaamrisha watu kula kilicho halali na kilicho chema, kikayataja yote mawili pamoja. Muhogo ni halali bila shaka yoyote. Kuwa mwema kumeachwa katika mikono ya watu.

Mwenyezi Mungu awarudishie watu wa Cabo Delgado amani yao na mashamba yao, awanyeshee mvua yenye manufaa, awabarikie bahari yao, awaponye wagonjwa wao na kuwarehemu waliofariki, na awajaalie wote kuketi katika sinia moja, mkubwa akimtazama mdogo kabla ya kutazama tonge lake. Amin.